Vikopo Vilivyovunjika kama Biskuti

Salha Abdulnasiri, mzaliwa wa Kondoa, alisomea kemia, akaajiriwa Miyuji kwenye karakana inayotengeneza vikopo vya miche kwa plastiki inayooza ardhini. Vikopo vya kwanza vilipasuka. Mama Zipora, mwenye kitalu cha mizabibu Chamwino, alimletea gunia la vipande.

"Mwanangu, vinavunjika kama biskuti. Miche yangu imekauka."

"Nisamehe, mama. Nitatafuta sababu."

Kwa hadubini aliiona: plastiki ilipopoa, ndani yake zilijijenga fuwele chache kubwa, mfano wa zile za chumvi, na nyufa zikapita humo. Alijaribu kuchanganya unga wa chokaa, haukusaidia. Kisha akatia asidi ya orotiki kidogo, ambayo hupatikana hata kwenye maziwa. Fuwele zikaanza kujijenga sehemu nyingi kwa pamoja, zikabaki ndogo.

Alivipeleka vikopo vipya Chamwino mwenyewe. Mama Zipora alikibinya kimoja, akakiangusha sakafuni. Kilibaki kizima.

"Niachie," alisema. "Nitapanda, halafu tutaongea."

Miche ilishika vizuri, ila vikopo vilichelewa kuoza kuliko ilivyotarajiwa. Salha anashughulikia hilo sasa.