Mguu Aliouficha Bibi

Nakumbuka Jumapili moja ya manyunyu, mwanangu, nimekaa kwenye stuli katika flati ya bibi yangu, nesi amesimama mlangoni, na mimi ndiye mkalimani. Nesi alitaka nimuulize Bibi kama kuna mahali panamuuma. Nikamgeukia.

"Bibi, hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillah."

Nikamwambia nesi kwa Kiingereza kuwa bibi yangu hana tatizo. Nesi akashukuru, akaenda zake.

Najua nasaha ni kazi ya wazee. Mimi bado niko sekondari, na wewe hujazaliwa. Pengine hutazaliwa leo wala kesho, maana mbele ya mvulana mimi hata jina langu nalisahau. Lakini hili wazee wetu hawalisemi. Basi wacha niliseme mimi, na niliseme kwa Kiswahili, lugha ambayo maisha yangu yote nilikuwa naisikia na kuijibu kwa Kiingereza.

Kwanza ujue Bibi alifikaje huko. Tulikuwa tukikaa naye Thamesmead, ghorofa ya juu, lifti leo nzima, kesho mbovu. Bibi ana sukari, na aliwahi kuanguka bafuni peke yake. Mama yangu ni keya: anatoka alfajiri kwenda kuwaogesha wazee wa watu, akirudi hana mgongo. Ndipo Mjomba Nassor, kaka yake Mama, akatafuta kijiji cha wastaafu kando ya bahari, mwendo wa treni kutoka London. Mbele kuna flati ndogo ndogo zinazotazama maji, kila mzee na mlango wake. Nyuma, ukivuka ua wa lami, kuna jengo refu la matofali. Huko ndiko wanakouguzwa wale wasiojiweza tena.

"Mama, utaiona bahari kila siku kama uko Unguja," Mjomba alimwambia.

Bibi alichungulia dirishani. "Hii? Hii maji ya kuoshea masufuria."

Kwenye hitima moja nilisikia wanawake wakinong'ona kuwa tumemtupa mzee wetu. Mama alisikia pia. Aliendelea kugawa sahani.

Lakini Bibi aliupenda mlango wake. Alipenda kuufunga mwenyewe, na kumfungulia amtakaye. Zaidi alimpenda jirani yake, Mama Kulwant, Mpunjabi mzaliwa wa Kisumu aliyeishi Southall hadi mumewe alipofariki. Kati ya wazee wote pale, hao wawili tu ndio walikuwa na Kiswahili, na walikuwa wakigombana kwacho tangu chai ya asubuhi.

"We Kalasinga, hicho Kiswahili au unatwanga kokoto?"

"Na wewe mtu ya pwani! Maneno mingi, chapati hujui kupika!"

Wakicheka mpaka wakohoe.

Sasa nikwambie jambo la aibu, mwanangu. Flati ya Bibi ilikuwa inanuka. Alikatazwa kufukiza udi kwa sababu king'ora cha moto kililia, wazee wakatolewa nje na mablanketi yao. Baada ya hapo akawa anajipaka mafuta ya udi shingoni, kwenye mapazia, hata kwenye mito. Lakini chini ya ule udi palikuwa na harufu nyingine, tamu tamu, kama nyama iliyosahaulika. Nilikuwa naisikia. Mama akiisikia. Tukiingia tu Mama anasema, "Hewa nzito humu," anafungua dirisha, tunaanza kuzungumza mambo ya shule. Kwetu mtu hamwambii mzee wake kuwa ananuka. Na Bibi alivaa soksi za sufu hata siku za jua kali, na keya wa pale hakumruhusu amwogeshe. "Najiosha mwenyewe," akisema. "Mimi si mtoto."

Jumapili ile Mama alikuwa kazini, nilikwenda peke yangu. Nesi alipoondoka nilitoka kwenda kutupa taka. Mama Kulwant alikuwa kwenye ujia, ameegemea kile kitembezi chake cha magurudumu.

"Wewe msichana, kuja hapa. Umeambia nesi nini?"

"Kasema hajambo."

"Nani hasemi hajambo? Mzee yangu, siku ile alikufa, asubuhi nilimuuliza habari, akasema mzuri. Hiyo ni salamu, si jibu! Lazima uulize mara ya pili."

Nilitazama chini. Ndiyo tabia yangu.

"Bibi yako anatembea akishika ukuta. Mimi nimemuuliza mguu iko na nini, akanifukuza. Na nyinyi mnakuja, mnanusa, mnafungua dirisha, mnaenda nyumbani. Hiyo ndio heshima yenu?"

Nikamwambia kwa Kiingereza kuwa naona haya.

"Haya!" alisema. "Haya yako itamzika."

Nikarudi ndani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema yule anayemsaidia kuficha humuumbua nini. Nikakaa sakafuni, miguuni pa Bibi.

"Bibi, nikukande miguu."

"Wacha, mwanangu, sichoki siku hizi."

"Kidogo tu."

Akaachia ule mzima. Nikaukanda taratibu, kisha nikaushika wa pili. Akauvuta. Sikuachia. Nikasema, "Bibi, unaumwa?" Sikusema hujambo. Nikavuta soksi, nayo ikatoka kwa shida, kwa sababu ilikuwa imegandana na ngozi.

Sitakueleza yote. Vidole viwili vilikuwa vyeusi kama makaa, na kisiginoni palikuwa na shimo. Sukari ilikuwa imeshauua mguu ule zamani, hakuhisi hata nilipougusa. Nilipoinua kichwa nikakuta hautazami mguu. Ananitazama mimi.

"Ushaona," alisema. "Sasa funika."

"Bibi, lazima nesi ajue."

"Nesi akijua nitavushwa ua. Ushapata kumwona aliyevushwa akarudi? Yule Mzungu wa paka, hapo mlango wa tatu, kavushwa juzi. Paka kachukuliwa, chumba kishapakwa rangi."

"Bibi, mguu umeoza." Nililisema kwa Kiswahili, na likatoka baya kuliko nilivyokusudia.

Hakukasirika. Alinifuta machozi kwa ncha ya kanga yake. "Sikiliza, mjukuu wangu. Sijakuomba kitu tangu uzaliwe. Mimi nimeshaishi. Niache nife na mlango wangu mwenyewe. Hujaona kitu. Sawa?"

Na mimi, mwanangu, nilimvika soksi. Nikapika chai, tukanywa. Alinisimulia habari ya harusi moja ya mtaa wa Vuga, kule Unguja, bibi harusi aliyepiga chafya mbele ya kadhi, na nikacheka. Ningeweza kuondoka hivyo hivyo. Mtoto mtiifu ndivyo anavyofanya. Nilimbusu mkono, nikatoka, nikaenda hadi kwenye ofisi ya manesi, nikasimama pale kama mwizi. Shuleni sijawahi kugonga mlango wa ofisi; huwa nangoja mpaka mtu atoke. Safari hii hakutoka mtu. Nikagonga.

Ambulensi ilikuja kabla treni yangu haijafika. Walipompitisha mbele yangu kwenye kitanda cha magurudumu Bibi alisema neno moja tu: "Mchongezi."

Hospitali walimkata mguu chini ya goti. Daktari alimwambia Mama kuwa angeletwa mapema, pengine wangekata kidole tu. Mama hakulitafsiri hilo kwa mtu yeyote. Nilikuwepo, nikalisikia mwenyewe. Mjomba Nassor alipiga simu, sauti imejaa chumba kizima.

"Nani kamtuma mtoto kwenda kwa manesi bila kuwauliza wakubwa?"

"Wakubwa tulikuwa na pua, kaka," Mama alimjibu. "Tulikuwa na pua." Akakata simu, akaingia bafuni, akafungulia maji.

Bibi alivushwa ua, kama alivyosema. Hakurudi, kama alivyosema. Chumba chake sasa kinatazama mapipa ya jikoni, na flati yake kaingia mtu mwingine. Mama Kulwant huvuka na kitembezi chake akaketi naye, nikawasikia wakitaniana, ila si kama zamani. Nikiingia mimi, Bibi anaitikia shikamoo yangu, anasema sijambo, anageukia ukutani. Miezi yote hii nakwenda, naangalia mgongo wake, narudi London.

Jumapili iliyopita nilikaa mpaka chakula chake kikapoa. Nikamuuliza mara ya pili. "Bibi, unaumwa wapi?"

Akasema, huku bado ameelekea ukutani, "Unaniuma mguu ambao haupo."

Nilikwenda kumwambia nesi, akampa dawa, nikarudi nikakaa.

Basi shika haya, mwanangu. Mzee akikwambia hajambo, mwitikie salamu yake, kisha vuta kiti umuulize tena, na umuulize kwa lugha anayolia kwayo. Ukisikia harufu, usifungue dirisha tu. Wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Na mchelea mzee kulia ni vivyo hivyo, tena yeye hulia akiwa amechelewa. Na usidhani utashukuriwa. Mimi sikushukuriwa, na sijui kama Bibi alikuwa na makosa kunikasirikia, maana nilichomnyang'anya kilikuwa chake. Huzuni hiyo ibebe. Lakini sema, na sema mapema, kabla kidole hakijawa mguu.

Mungu akukuze, akupe ulimi mwepesi kuliko wangu na goti lisilotetemeka mbele ya mlango wa mtu. Na siku nitakapozeeka, nikakushika mkono nikakusihi unifichie, Mungu akutie nguvu ya kunikatalia. Nitakuita majina. Nitakugeuzia mgongo. Radhi yangu unayo tangu leo, wala siku hiyo nisiweze kuirudisha. Amin.