Dada wa Wodi Nzima

Kwa miaka mingi mama huyu aliishi kwa uongo mmoja mdogo. Kazi yake ilikuwa kukaa hospitalini na wagonjwa ambao jamaa zao wako mbioni kutafuta riziki: kuwalisha, kuwageuza kitandani, kuwasikiliza wakinung'unika. Getini waliruhusu ndugu tu, basi kila mgonjwa akawa ndugu yake. Huyu mjomba, yule wifi. Mlinzi alijua fika, lakini alimpisha huku akimtania, "Ukoo wenu huo hauponi?"

Mpaka akaja mkuu mpya wa hospitali, mtu asiyejua utani hata kwa dawa. Akaamuru: anayelipwa kukaa na mgonjwa ajisajili kama mfanyakazi wa kujitegemea, alete cheti, la sivyo aishie getini. Na mle ndani kulikuwa na dereva mstaafu wa lori, mzee aliyepooza upande mmoja, ambaye getini mama alimwita kaka yake. Wauguzi wakimpa uji, anafumba mdomo kama mtoto aliyenuna. Alikula kwa mkono wa mama huyu tu. Ndiyo maana asubuhi hiyo mama alikuwa kwenye ofisi ya usajili, roho juu.

"Lazima tuchague msimbo, ile namba ya aina ya kazi yako, mama," karani alisema, macho kwenye kompyuta. "Unafanya nini hasa?"

"Sitoi dawa," akaanza, kama wauguzi walivyomzoesha. "Sichomi sindano. Sifungi vidonda."

"Basi uuguzi siyo. Kazi za nyumbani?"

"Hospitali si nyumba ya mtu, mwanangu. Watanirudisha."

"Huduma nyingine binafsi? Humu wamo wasusi, wamo wafua nguo..." Karani akajikuna kichwa. "Mama, umeniambia usiyofanya. Unayofanya je?"

Maskini, hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Nakaa naye," akasema hatimaye. "Nampa uji polepole, nangoja ameze. Akilia nageukia dirishani, maana hapendi kuonekana. Akimaliza, nageuka."

Karani akashuka na orodha hadi karibu na mwisho. "Huduma za jamii kwa wazee na wagonjwa, bila malazi. Huyu ndiye wewe." Mashine ikatoa cheti.

Getini mlinzi alikuwa tayari na maneno yake. "Leo umekuja kwa nani?"

"Leo nimekuja kazini," akajibu, cheti mkononi, na kusema kweli alijisikia mtu.

Wodini alimkuta mzee akiwa macho, uji umepoa pembeni. Kwa furaha akamsomea cheti chote, msimbo na muhuri. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuzia uso ukutani.

"Kwa hiyo," akasema kwa ule ulimi wake mzito, "mimi si kaka yako tena."

Mama akakisukuma cheti ndani ya mkoba. Akavuta kiti karibu, akachota kijiko cha uji.

"Kaka," akasema, "fungua mdomo."