Posa Iliyoingiliwa na Gesi

Mjomba wangu ndiye aliyenitia katika mambo ya gesi. Kuna kampuni ya ng'ambo inayoitafuta chini ya bahari, upande wa Lamu, na mjomba alikuwa amenunua hisa zake. Akaniandama hadi nami nikanunua chache, akaniingiza na katika kundi la wenye hisa kwenye simu. Humo watu hawajuani; kila mmoja ana picha tu, na maneno mengi.

Basi nikaanza kuota. Nauza leso Biashara Street. Kila mteja aliyenikunjulisha leso kumi asinunue hata moja, nilimtazama kwa huruma, nikisema moyoni: mama, siku si nyingi utanikosa hapa.

Lakini ndoto yangu kubwa haikuwa gesi. Ilikuwa binti mmoja wa Mji wa Kale, na mjomba alikubali kwenda kuniposea. Kwa ada, anayetaka kuoa haendi mwenyewe. Ila mjomba ana goti bovu na sinia la halua lilikuwa zito, kwa hivyo nililibeba mimi, nikalikabidhi mlangoni, nikaketi kwenye baraza ya nje, chini ya dirisha. Nilisikia kila neno.

Walianza vizuri. Salamu, hali, jamaa, kahawa. Mjomba akakohoa.

"Shekhe, tumekuja kwa jambo la heri..."

Simu yake ikalia. Na ya baba wa binti ikalia papo hapo.

"Meli ya kuchimba imecheleweshwa tena," mjomba akasoma kwa sauti. Hakuweza kujizuia.

Baba mtu akauliza, "Kwani nawe umo katika lile kundi la hisa?"

"Nimo."

"Picha yako ipi?"

"Ua la waridi."

"Subhanallah! Wewe ndiye uliyeniita kunguru wa mkosi mbele ya watu wote?"

"Basi wewe ndiye yule paka!"

Nilifumba macho. Paka na waridi walikuwa wakitukanana tangu kabla ya Ramadhani. Nilikuwa nikiwasoma usiku kitandani, nacheka peke yangu. Siku hiyo sikucheka.

"Gesi ipo," akasema mjomba. "Wamepima, dalili zimeonekana."

"Dalili! Mawingu nayo ni dalili, na mvua isinyeshe. Wachimbe kwanza."

"Kama huamini, mbona hujauza?"

"Niuze yeo, kesho ipatikane, nife kwa kijicho?"

Wakaenda hivyo: kina cha maji, bomba litapita wapi, serikali itataka fungu gani. Kahawa ikaletwa mara ya tatu. Binti hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Sauti zilikuwa zikipanda, na namjua mjomba: akitoka mahali kwa hasira, harudi tena. Nikagonga dirisha.

"Mjomba, samahani. Ile posa."

Kichwa cha baba wa binti kikatokeza. "Ndiye huyu? Ndoo ndani."

Nikaingia, nikasimama karibu na viatu.

"Nawe una hisa?"

"Nilikuwa nazo, baba. Nimeuza."

"Umeuza!" Mjomba alishika goti lake kama mtu aliyepigwa teke. "Lini?"

"Mwezi uliopita. Kwa hasara."

"Na pesa umezifanyia nini?" akauliza baba.

"Nimenunua jiko la gesi, lile la vyungu viwili kwa pamoja, na mtungi wake. Nimeliweka kwenye chumba nilichokodi Tononoka. Sikutaka aje ale moshi wa makaa."

Alinitazama sana. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Waridi," akamwambia mjomba, "katika kundi zima, huyu peke yake ndiye aliyeiona gesi kwa mato!"

Akacheka hadi kofia ikamwanguka. Mjomba alikaza uso, akakaza, akashindwa.

Nyuma ya pazia tukasikia nyayo. Mama wa binti alikuwa amekwenda kumuuliza mwenyewe. Kwetu, mwari akiulizwa akanyamaza, ameridhia. Pazia likasogea kidogo.

"Hakunyamaza," akasema mama.

Nikatafuta ukuta wa kuegemea.

"Amesema ndiyo. Tena anasema hilo jiko aliondoe dirishani, upepo utauzima moto."

Nami kweli nilikuwa nimeliweka dirishani, upande wa njiani, wala sikuwa nimemwambia mtu.