Siku Wifi Alipokimbia Mahakamani

Wifi yangu Atuganile hakuwa mtu wa kuogopa. Aliwahi kumfukuza fisi kwa mwiko wa ugali, na wachuuzi wa maharage walimjua, hawakuthubutu kumpunja. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyemtoa mbio, na mtu huyo alikuwa baba yangu mzazi, mzee Asukile.

Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala halitamki jina lake; wakiwa na neno, hutumwa mtu. Akimwona njiani anajitanda khanga kichwani na kuingia porini, na mzee naye anageuza uso. Ndiyo heshima yetu. Mchungaji alituhubiria tuipunguze kidogo. Tukaitikia amina, tukaendelea nayo. Atuganile alikuwa ameishi na kaka yangu Jailos miaka mingi pale Uyole bila kuujua vizuri uso wa baba.

Mwaka wa hamsini na nne, baba alikuwa akirudi shambani, nyengo yake ya kufyekea begani. Kwenye kona ya barabara akakutana ana kwa ana na Atuganile. Wifi akatupa kikapu, akajifunika, akatimka. Mzungu mmoja aliyekuwa amesimamisha gari akawapiga picha. Tulicheka siku ile! Tulidhani na yule Mzungu kafurahi.

Wiki chache baadaye askari walikuja na ukurasa wa gazeti moja la masetla, wakamchukua baba. Gideoni, karani wa mahakama aliyejua Kiingereza, alitusomea yaliyoandikwa chini ya picha: mwanamke amkimbia mfuasi wa Mau Mau, ugaidi wa Kenya waingia Nyanda za Juu. Baba yangu! Mtu ambaye hata Iringa alikuwa hajafika!

Mpiga picha alikuwa karibu kiasi cha kuuliza, na hakuuliza. Mtu mweusi, chuma begani, mwanamke anakimbia: kwao habari ilikwisha kuandikwa zamani, ilikosa picha tu.

Baba aliwaeleza kuwa yule ni mkwe wake. Wakamjibu kwamba kila mhalifu ana la kusema. Amlete huyo mwanamke athibitishe, la sivyo atafungwa. Na katika picha uso wa Atuganile ulikuwa umefunikwa. Hakuna mwingine aliyeweza kusema "ni mimi."

"Dada, nitasimamaje mbele yake?" aliniuliza huku analia. "Na jina lake je? Wakinitaka nilitaje?"

"Usipokwenda, atakufa gerezani," nilimwambia. Sikumbembeleza.

Akaenda. Gideoni alituahidi kwamba baba hataingizwa mpaka wifi amalize kusema. Mahakama ya Mbeya ilijaa watu. Hakimu alikuwa Mzungu mwenye masharubu, na nilipomwona tu nikajua tumekwisha. Hawa wote kitu kimoja, nilisema moyoni. Atuganile akaapa kwa Biblia. Hakimu akamwuliza, kwa kinywa cha Gideoni, kama anamjua mtu wa pichani.

Hapohapo mlango wa pembeni ukafunguliwa. Askari mmoja, pengine hakuambiwa, akamwingiza baba.

Jamani! Wifi alijitanda khanga hadi kiunoni, akaruka kutoka kizimbani, akampamia Gideoni, akajipenyeza nyuma ya kabati. Na baba? Gaidi mwenyewe alishtuka kuliko yeye. Akageukia ukuta, akajivika koti kichwani, akawa anapapasa mlango aliotokea asiuone.

"Mtoeni!" alipiga kelele ndani ya koti. "Mkwe wangu yumo humu! Mnanivunjia heshima!"

Watu waliangua kicheko. Hakimu aligonga meza, akalishika gazeti, akaitazama picha, kisha akalitazama kabati lenye ncha ya khanga. Gideoni akamweleza desturi yetu kwa kirefu. Hakimu akasikiliza yote, akauliza maswali mawili matatu, mwisho masharubu yakaanza kumcheza. Akacheka. Nilikuwa nimekwisha kumhukumu, naye akacheka kama sisi. Akasema hakuna kesi, mzee arudi nyumbani.

Nilipumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Jailos alikaa chini sakafuni, akalia.

Gazeti halikuandika neno. Walioisoma habari ya gaidi wa Uyole nadhani waliendelea kuiamini. Hilo bado linaniudhi.

Lakini nje ya mahakama baba hakuondoka. Alimwona Jailos yuko mbali, mimi nimebanwa na umati mlangoni, wa kutumwa hayupo, na wifi amejificha nyuma ya mkaratusi. Basi akasimama akiupa ukuta uso wake, akasema nao kwa sauti kubwa, wapita njia wanashangaa.

"Wewe ukuta, nakutuma. Mwambie mwanangu, ndaga fijo, asante sana. Mwambie amenitoa gerezani."

Kisha nyuma ya mti ikatoka sauti ya Atuganile, inatetemeka kwa kilio na kicheko pamoja.

"Wewe mti, nakutuma na mimi. Mwambie tata, baba yangu, chakula chake kitakuwa tayari."

Tangu aolewe, ndiyo mara yao ya kwanza kuzungumza.