Fundi Njiru na Sevisi ya Bure

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimelala juu ya mabunda ya miraa kwenye pikapu nikitoka Mikinduri, mvua ikininyea. Nimefilisika mara mbili, nikainuka mara tatu. Shule niliacha darasa la kwanza, na leo walionicheka wananiomba lifti. Kwa hiyo usifikiri nakuletea hadithi ya mtu mwoga. Haya niliyaona kwa macho haya, saa sita mchana, bila tone la pombe mdomoni.

Mwaka jana nilinunua gari jipya la spoti, jekundu, viti viwili, limelala chini mpaka jirani yangu akauliza kama limekaliwa na ng'ombe. Acha aulize. Lilikuja na kitabu, na ndani ya kitabu kulikuwa na ahadi: miaka mitatu ya sevisi ya bure kule Nairobi kwa walioniuzia. Mafuta ya injini, chujio, breki, yote bure. Sharti lilikuwa moja tu, fundi wa nje asiguse injini. Akigusa hata mara moja, bure imekwisha. Hiyo bure niliiimba Meru nzima. Kanisani niliisema, harusini niliisema.

Sasa nikwambie habari za Njiru. Huyu alikuwa fundi wangu pale Runyenjes miaka kumi na tisa, tangu pikapu yangu ya kwanza. Mashine hakuwa nazo. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini kwenye sikio, anafumba macho na kusikiliza kama daktari. Bomba likipasuka analifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu, mafundo matatu. Siku ninanunua ile pikapu nilitaka kuweka kidole kwenye karatasi, maana jina langu sikujua kuliandika. Njiru akanishika mkono. "Kidole ni cha mtu aliyekamatwa," akasema. Akachukua chaki, akaandika jina langu juu ya boneti, nikalifuatisha mpaka nikalijua. Sahihi ninayotumia benki leo ni ile ile.

Nilipopata gari la spoti niliacha kusimama Runyenjes. Nisimame kufanya nini, na nina bure?

Basi, siku ya sevisi ya kwanza nilitoka Meru asubuhi. Nimeshapita Chuka, Runyenjes iko karibu, kwenye kona moja taa nyekundu ikawaka, harufu ya maji moto ikanijia, gari likazima. Nikapiga namba ya kwenye kitabu. Wakaniambia nisiguse kitu, gari la kuvuta litafika kesho. Kesho! Na manyunyu yananiangukia.

"Mumeru, siku hizi hata salamu hakuna?"

Nikageuka. Njiru. Ovaroli ile ile ya buluu, bisibisi mfukoni. Niamini: mimi nilikuwa nimelowa, yeye alikuwa mkavu.

"Njiru, usiguse," nikamwambia. "Hii ina bure yake."

"Nimesikia. Imefika mpaka huku niliko." Akacheka. Hakwenda mbele kama watu wote, alienda moja kwa moja nyuma, ambako injini ya gari hili hukaa. Nani alimwambia? Akaweka bisibisi sikioni, akafumba macho. Ningeweza kumzuia, lakini aibu ilinishika. Baadaye kidogo akapangusa mikono. "Washa, Baba Kendi."

Likawaka. Nikatoa noti ya elfu, akaikataa. "Kazi ni bure, si ndiyo unapenda siku hizi? Chai tu, hamsini."

Hamsini sikuwa nayo. "Utaleta," akasema, na mimi nikakanyaga mafuta.

Nairobi, msichana wa mapokezi, mpole sana, akaniita nikaangalie injini. Bomba la maji lilikuwa limefungwa kwa mpira mweusi wa tyubu. Mafundo matatu.

"Mzee, nani alifungua hapa?"

"Fundi wangu. Njiru wa Runyenjes."

"Lakini kompyuta ya gari inasema kifuniko hiki hakijafunguliwa tangu tukukabidhi."

Nikapiga simu ya Njiru, nikaweka sauti ya juu asikie mwenyewe. Akapokea mkewe. "Baba Kendi, mzee tulimzika wakati wa kuvuna kahawa. Tulikupigia sana." Ni kweli walipiga. Sikushika.

Msichana akanisogezea karatasi ya sevisi ya bure, akanisomea polepole: "Ninathibitisha kwamba hakuna mtu wa nje aliyegusa injini." Akasema, "Weka sahihi tu, mzee. Kompyuta inasema hakuna mtu. Na huyo... si hayuko? Tutatoa huo mpira, yaishe."

Ilikuwa rahisi hivyo. Sahihi moja, na miaka yangu mitatu inabaki. Nikashika kalamu, nikaandika herufi ya kwanza, na mkono ukakumbuka chaki. Sahihi aliyonifundisha Njiru niitumie kuandika kwamba Njiru ni hakuna mtu?

"Kama ni kompyuta inasema, kompyuta iweke sahihi," nikamwambia. "Mimi niliona mtu."

"Mzee, utapoteza yote!"

"Andika Njiru aligusa. Na huo mpira msiutoe."

Wakaandika. Bure ikafa hapo hapo.

Mpaka leo mpira uko pale, na bomba halijavuja tone. Pasta anasema niuchome. Mke wangu hapandi hilo gari. Meru wanasema nilidanganywa, hakukuwa na bure tangu mwanzo. Wacheke. Nikifika ile kona nazima redio, na injini hubadilisha sauti kidogo, kama mtu ameigusa kwa bisibisi.

Na wewe unayesoma, ukipewa cha bure, kabla hujakiimba uliza ni nani utaambiwa umkane. Na simu ikilia, shika.

Sevisi ile walinitoza mia moja themanini na saba elfu, mia nne hamsini. Wakati wa kurudi nilisimama Runyenjes, nikampa mke wa Njiru hamsini ya chai. Hakuniuliza ni ya nini. Alipika, akaweka vikombe vitatu. Kwa hiyo anayetaka kujua kama najuta, sijuti, na anayetaka kujua ilinigharimu ngapi, aandike: shilingi mia moja themanini na saba elfu na mia tano.