Jirani Anamupimia Bibi Yangu Chakula mu Kikombe

Ficheni jina langu, hata kama mutu wa Kasongo akisoma atanijua tu, juu hapa hakuna muzee mwingine kama mimi. Niko na miaka sabini na mbili na meno yangu yote iko. Shule niliacha mwaka wa pili. Hii naandika mwenyewe na kidole kimoja, sitaki mutu anisaidie. Miaka makumi ine niliuzisha muchele kwenye soko. Nilipima na kopo, na juu ya kila kopo niliongeza matabishi, ile ya bure, mpaka inamwangika. Watu wa Salamabila walipita wauzaji kumi kuja kwangu.

Bibi yangu alikuwa munene sana, na nilijivunia. Akipita watu wanasema: "Bwana ya huyu mama anajua kulisha." Lakini magoti ikakataa, kupumua ikakuwa shida. Binti yetu anayeishi Afrika ya Kusini akamuita kule, waganga wa hospitali wakamupasua, wakapunguza tumbo la ndani. Mimi nilikataa. Hawakunisikiliza.

Alirudi na karatasi, binti ameitafsiri kwa Kifaransa, na kikombe kidogo cha plastiki chenye mistari. Sasa anakula chakula laini, mara tano kwa siku, na haipiti mustari wa pili. Na ile karatasi nani anaisoma? Jirani yetu, enfirmie wa zamani wa hospitali, alifiwa na bibi yake, shati nyeupe kila siku kama mutu anayeenda kuoa. Saa sita anaingia kwangu: "Hodi, Mama! Leo tunapima nini?" Tunapima! Anachota samaki na muchele, anainua kikombe mbele ya macho, anasawazisha na mugongo wa kijiko. Bibi anakula polepole, yeye anamwangalia. Akimaliza: "Bravo, Mama!" Na bibi yangu anacheka kama musichana. Mimi niko pale na bugali na majani ya sombe, mu ile sahani moja tuliyokula wote wawili tangu tuoane, nakula peke yangu kama mugeni.

Tena amekuwa mwembamba. Vijana wa moto, wale wa pikipiki, wanamuita "Dada". Dada, na wajukuu kumi na mmoja!

Siku moja nikamwambia jirani: "Docta, kupima ni kazi yangu. Nilianza wewe ukiwa bado unanyonya."

Akacheka. "Papa, hii si muchele wa soko."

"Kopo ni kopo. Rudi kwako."

Akaenda. Nikapima mwenyewe, nikafika mustari wa pili kabisa, Mungu anajua. Halafu nikaona ile kikombe iko kama ya muuzaji muchoyo. Mwanamuke aliyenizalia watoto nane, nimupimie hivyo? Nikaongeza matabishi. Kilima kizuri.

Bibi akasema: "Muzee, hii imepita."

"Ya yule unamaliza, yangu unakataa?"

Akakula yote.

Haikukawia akashika kifua, akatapika, jasho ikamufunika, akaanguka juu ya mukeka. Na nilikimbilia kwa nani? Kwa yule yule, bila viatu. Alimubeba mpaka kwa moto, akamufikisha hospitali. Alilala kule siku tatu.

Sasa bibi yuko kwa dada yake, upande mwingine wa muji. Amenitumia neno: "Mwambieni muzee nilikula juu ya kumufurahisha, na kidogo nikufe. Nitarudi kama ataenda kwa jirani afundishwe kupima. Ao jirani apime, na yeye anyamaze." Na jirani anaenda kumupimia kule kila saa sita, na baiskeli yake.

Jana nilichukua glasi, nikachora mustari na makaa. Nikamwanga muchele mpaka pale. Mukono ukaongeza wenyewe. Nikapunguza. Ukaongeza tena. Mimi, niliyepimia Kasongo yote!

Ninyi munaosoma, munishauri bila kunicheka. Nikakae mbele ya ule mwanaume na kijiko mu mukono, kama mutoto wa shule? Ao nimuache amupimie bibi yangu mu nyumba yangu, mimi nikiangalia? Nifanye nini? Munijibu upesi, juu saa sita imekaribia, na nasikia baiskeli yake inatoka.