Mahindi ya Mwezi wa Tisa

Baba yangu mdogo ni mchoraji. Anakaa Katuba, na sebule yake inanukia mafuta ya rangi kuliko chakula. Mimi sijui kushika brashi. Nina simu, na nina subira. Napiga picha za kawaida za shamba la nkambo, mama yake baba mdogo, kule Kasungami: matuta, njia ya vumbi, kisugulu, yaani kile kichuguu kikubwa kinachoipita nyumba kwa urefu. Kisha nakaa nazo. Nafuta nyaya za umeme. Natuliza anga. Napitisha kidole juu ya kioo, jani kwa jani, mpaka kila jani linakuwa mguso wa brashi na picha inasahau kwamba ilizaliwa ndani ya simu.

Kila moja nilimtumia baba mdogo, nikimwomba maoni. Alinijibu mara moja tu: "Mutoto, ile haiko kazi. Ni kubonyeza tu."

Nilimwamini. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kisha akatualika kwenye maonyesho yake, katika ukumbi mmoja wa mjini. Ukutani, kwenye tablo moja, mchoro wa rangi za mafuta, nikakutana na kisugulu chetu. Jua lilikuwa langu. Kivuli cha zambarau kilikuwa changu, kivuli ambacho shambani hakikuwepo, nilikitunga mwenyewe kitandani huku malaria ikinitetemesha. Hata bidoni ya buluu, dumu la maji la nkambo, niliyosahau kuifuta, aliichora. Pembeni, kwa rangi nyekundu, jina lake.

Nilijaribu kumvuta baba mdogo kando, nikimnong'oneza kwamba mchoro ule umetoka kwenye picha yangu. Hakuvutika. Aliwageukia wachoraji wenzake.

"Mumuone huyu! Asema foto yake njo ilizaa tablo. Sasa mbuzi nayo itamuomba mupishi sifa?"

Walicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa ni baba yangu, na mtu hamjibu baba mbele za watu. Lakini kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeapa: siku moja, mbele ya watu walewale, atasema kwa kinywa chake kwamba picha zile ni zangu.

Kasungami, kila aliyewahi kushika jembe anajua jambo hili. Mwezi wa tisa, kabla ya mvua, miti ya msituni hutoa majani machanga, mekundu kama shaba. Wakati huo shamba la nkambo, lisilo na mto karibu, ni udongo mtupu. Mahindi yanapofika kifuani, mwezi wa pili, majani yale yamekwisha kuwa kijani zamani. Mahindi na majani mekundu hayajawahi kuonana. Baba mdogo hakujua. Kwa mama yake alifika siku za sherehe tu, na viatu vya ngozi.

Nilichukua picha mbili, msitu wa mwezi wa tisa na mahindi ya mwezi wa pili, nikaziunganisha. Siku nne nilifanya kazi hiyo. Mshono niliuzika chini ya ukungu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, nami niliinoa kama mtu anoavyo kisu. Nikamtumia: "Baba mudogo, uniambie kama iko muzuri."

Simu ilionyesha ameifungua papo hapo. Nikajua amemeza chambo.

Kwenye maonyesho yaliyofuata nilikwenda na nkambo, amevaa kitenge chake cha kanisani. Tablo ilikuwa katikati ya ukuta, kubwa kama mlango. Baba mdogo alikuwa akiwaeleza wageni na wachoraji wenzake walewale jinsi alivyosimama shambani asubuhi nzima, miguu ndani ya umande. Nkambo akasogea.

"Hii ni shamba yangu?"

"Njo yenyewe, mama."

"Na majani nyekundu?"

"Njo vile iko. Mi nilikuwa pale."

Nkambo alianza kucheka kutoka tumboni. "Mwezi ya tisa, mahindi inafika apa?" Akajigusa kifua. "Maji ya kumwagilia ulitoa wapi, mwanangu? Ulikojoa?"

Ukumbi ulilipuka. Wengi wa wageni wale, licha ya suti zao, ni watoto wa wakulima. Walitazama mara moja tu wakaona. Mmoja akapaza sauti: "Mukubwa, na ile umande ilikuwa ya mwezi gani?"

Baba mdogo alinitafuta kwa macho. Nilisimama wazi, anione. Alikuja, uso umekuwa kijivu.

"Ni weye njo ulifanya."

"Usiniambie miye. Ambia mama yako."

Nkambo aliacha kucheka. "Kuko nini?"

"Foto ni ya huyu mutoto," baba mdogo aliviambia viatu vyake.

"Ya leo tu?" nikauliza.

"Na zile zingine."

"Sema na nguvu, baba mudogo. Nkambo hasikii muzuri."

Nkambo husikia panya akitembea darini. Lakini alinitazama kwa muda, kisha akamtazama mwanawe, akaweka kiganja nyuma ya sikio na kungoja. Baba mdogo alirudia, akarudia tena. Mara ya tatu hata mlinzi wa mlangoni alisikia.